Tiba ya seli shina kwa ugonjwa wa fizi: mzee analipia nini hasa?

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile inayotangazwa kwa watu wenye umri mkubwa ambao meno yao yameanza kulegea. Wanaambiwa kwamba hawana haja ya kung'oa na kuweka meno ya bandia, kwa sababu seli shina, yaani seli ambazo bado hazijafungwa kwenye kazi moja na zinaweza kugeuka kuwa mfupa, nyuzi au tishu nyingine, zitapandikizwa chini ya ufizi na kuotesha upya kile kilicholiwa na ugonjwa. Kwa kuwa anachobaki nacho mgonjwa wa miaka 60 au 70 baada ya kulipa ni milimita kadhaa za mfupa na ufizi ulioshikamana na jino, nimeamua kuipima huduma yenyewe kwa milimita hizo, na kuacha kando maneno makubwa ya matangazo.

Ugonjwa wenyewe unajulikana vizuri. Bakteria hujenga utando juu ya jino, utando huo hukomaa kuwa ukoga mgumu, na ukoga ukishuka chini ya ufizi mwili huanzisha vita ambavyo madhara yake makubwa huupata mwili wenyewe: nyuzi zinazofunga mzizi wa jino kwenye taya hukatika, mfupa unaouzunguka mzizi hupungua, na kati ya jino na ufizi hubaki mfuko. Katika kinywa chenye afya daktari akiingiza kijiti chake cha kupimia hukwama kwenye milimita 3 au chini ya hapo. Kikizama milimita 6 au zaidi, jino liko hatarini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba ugonjwa mkali wa fizi unawapata takriban asilimia 19 ya watu wazima duniani, ambao ni zaidi ya watu bilioni 1, na mzigo huo huongezeka kadiri umri unavyosogea. Tiba ya kawaida, yaani kusafisha mizizi chini ya ufizi, huusimamisha ugonjwa lakini hairudishi sehemu kubwa ya mfupa uliokwisha kuliwa. Pengo hilo ndilo lililowavuta watafiti, na baadaye wafanyabiashara.

Wazo la kutumia seli shina lilipata nguvu mwaka 2004, pale timu iliyofanya kazi katika taasisi ya taifa ya utafiti wa meno nchini Marekani ilipochapisha katika jarida la The Lancet habari kwamba nyuzi zinazoshikilia jino zina seli shina zake. Seli hizo walizipata kwenye magego ya mwisho yaliyong'olewa, wakazikuza, wakazipandikiza kwa panya, na zikajenga tishu iliyofanana na nyuzi pamoja na tabaka gumu linalofunika mzizi. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa kwa sababu shida ya kutibu fizi haijawahi kuwa mfupa peke yake. Jino hushikwa na tishu tatu zinazopaswa kukua kwa pamoja na kwa mpangilio: tabaka la mzizi, nyuzi, na mfupa. Mfupa ukikua bila nyuzi, jino huweza kugandana na taya, na hilo ni tatizo jingine.

Toleo la kwanza ninaloliona la kuheshimika ni la Tokyo Women's Medical University nchini Japani. Huko seli huchukuliwa kutoka kwenye nyuzi za jino la mgonjwa mwenyewe lililong'olewa, hukuzwa juu ya sahani maalumu ambazo seli huzishika katika joto la mwili na kuziachia sahani zinapopozwa, ili seli zitoke zikiwa utando mmoja mzima badala ya kukwanguliwa na kuchanika. Tabaka tatu za utando huo hulazwa juu ya mzizi uliosafishwa, na shimo lililo kwenye mfupa hujazwa chembechembe za madini ya kalisi na fosfeti. Matokeo ya wagonjwa 10 yalichapishwa mwaka 2018: baada ya miezi sita kina cha mifuko kilipungua kwa wastani wa milimita 3.2, na picha za eksirei zilionyesha mfupa ulioongezeka kwa wastani wa milimita 2.3. Kwa ustadi wa kazi, sijaona toleo linalolipita hili. Kasoro yake ni kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha, na upasuaji mzuri wa kusafisha shimo na kulijaza madini hayo peke yake nao huleta nafuu. Kwa hiyo sehemu ya milimita hizo ni ya kisu na ya madini, na haiwezekani kuigawa.

Kundi la kulinganisha lilipowekwa, hadithi ilipoa. Huko Xi'an nchini China, jaribio lililochapishwa mwaka 2016 liliwagawa wagonjwa 30 kwa bahati nasibu: wote walijazwa chembechembe za mfupa wa ng'ombe uliosafishwa kitaalamu, lakini kundi moja liliongezewa seli shina za nyuzi za meno yao wenyewe. Mfupa uliongezeka katika makundi yote mawili, na tofauti kati yao haikufikia kiwango cha kuaminika. Hakuna aliyedhurika na seli hizo, jambo ambalo ni la kushukuru, ila mteja anayeombwa alipie seli juu ya mfupa wa ng'ombe ana haki ya kuuliza nyongeza yake iko wapi. Jaribio jingine dogo, lililofanywa Madrid na kuchapishwa mwaka 2020 kwa mpango unaokaribia huo, nalo halikutoa jibu la kumfurahisha muuzaji.

Matokeo ya Torino nchini Italia ndiyo yanayonizuia kuifunga hukumu mapema. Watafiti wa huko walitumia njia rahisi zaidi: walichukua kiini cha jino la mgonjwa lililokuwa ling'olewe kwa sababu nyingine, ile nyama laini yenye neva na mishipa ya damu, wakaisaga kwa kifaa palepale kwenye chumba cha upasuaji, wakaichuja, wakailoweka kwenye sifongo ya kolajeni na kuiweka ndani ya shimo la mfupa. Hakuna maabara ya kukuza seli kwa wiki kadhaa, na gharama inayoambatana nayo hakuna. Katika wagonjwa 29, kundi lililopata sifongo yenye seli lilijaza mfupa kwa wastani wa milimita 3.9, wakati kundi la sifongo tupu lilijaza milimita 1.6. Hiyo ni tofauti ambayo daktari anaiona kwenye picha bila kutafuta. Ni jaribio moja la watu wachache, lililochapishwa mwaka 2018, na kiasi cha seli shina hasa ndani ya kile kilichosagwa hakilingani na cha seli zilizokuzwa. Hata hivyo, kama ningeambiwa nichague toleo moja la kufuatilia kwa ajili ya hospitali za kwetu, ningechagua hili, kwa kuwa linahitaji kifaa na daktari bingwa tu.

Toleo la nne ni sindano, nalo limetoka Beijing. Hapa seli hazitoki kwa mgonjwa: zinatoka kwenye viini vya meno ya watu wengine, zinakuzwa, zinahifadhiwa, kisha zinadungwa kwenye ufizi bila kupasua. Kwa mzee anayeogopa kisu, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wazo la sindano linavutia kuliko yote yaliyotangulia. Matokeo ya jaribio lililohusisha hospitali zaidi ya moja na wagonjwa 132 yalitolewa mwaka 2025, na ndilo kubwa kuliko mengine niliyoyataja. Kwa wagonjwa wa hatua ya tatu ya ugonjwa, baada ya mwaka mmoja, mshikamano wa ufizi na jino uliongezeka kwa takriban milimita 1.7 kwa waliodungwa seli na takriban milimita 1 kwa waliodungwa maji ya chumvi. Kwa wagonjwa wa hatua ya pili, ambao ugonjwa wao ni mwepesi zaidi, hapakuwa na tofauti ya maana. Nyongeza halisi ya seli, basi, ni kama nusu milimita na ushee. Watafiti wana haki ya kuifurahia, kwa sababu imepatikana bila upasuaji. Mgonjwa, kwa upande wake, aijue kabla hajauza shamba.

Ili ajue uzito wa nusu milimita hiyo, ailinganishe na bidhaa zilizokwisha kuwako sokoni. Usafishaji wa kina chini ya ufizi, unaofanywa kwa ganzi katika kliniki yoyote yenye daktari makini, hupunguza mifuko ya milimita 7 au zaidi kwa takriban milimita 2. Jeli ya protini za enameli, inayouzwa kwa jina la Emdogain, ikitumika wakati wa upasuaji wa mashimo ya mfupa huongeza mshikamano kwa takriban milimita 1.1 juu ya upasuaji peke yake. Mazingira ya majaribio hayafanani, kwa hiyo namba hizi zisiwekwe mizani moja kana kwamba ni bei za sukari, lakini zinatosha kuonyesha kwamba seli shina bado hazijaipita bidhaa ambayo madaktari wameitumia tangu miaka ya 1990. Japani iliidhinisha mwaka 2016 dawa nyingine ya aina hiyo, Regroth, ambayo ni kichocheo cha ukuaji wa tishu kinachopakwa ndani ya shimo la mfupa wakati wa upasuaji, na haina seli hata moja. Msomaji Mwislamu aelewe pia kwamba Emdogain hutengenezwa kutoka kwenye meno machanga ya nguruwe. Wapo wanaoikubali kwa hoja ya dharura na wapo wanaoikataa, lakini ni haki ya mgonjwa kuambiwa kabla ya kulala kwenye kiti, na daktari anayenyamaza juu ya hilo katika miji ya pwani yetu hafanyi vyema.

Sasa nije kwenye jambo ambalo matangazo hayaligusi kabisa, na ambalo kwangu ndilo linaloamua. Upasuaji wa Tokyo, Xi'an, Madrid na Torino ulifanywa kwenye mashimo ya wima: mfupa umeliwa kando ya mzizi mmoja na kuacha kishimo chenye kuta. Ndani ya kishimo hicho seli zina pa kukaa, damu inaganda na kuzishikilia, na kuta za mfupa zinazilisha. Wazee wengi hawana kinywa cha namna hiyo. Mfupa wao umeshuka kwa usawa, kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, kuzunguka meno mengi kwa pamoja, na mizizi imebaki wazi bila ukuta wowote wa kushika kitu kitakachopandikizwa. Upungufu huo wa usawa ndio unaoonekana zaidi kwa wagonjwa, na hadi sasa hakuna njia ya kuaminika, ya seli au isiyo ya seli, ya kuupandisha mfupa huo urudi ulikokuwa. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma majaribio yote kwa usahihi, akayaamini yote, na bado huduma ikawa haimhusu kwa lolote. Picha ya eksirei ya mdomo mzima inayopigwa nchini kabla ya kukata tiketi ingemwambia hivyo kwa gharama ndogo sana.

Umri nao una neno lake. Tafiti za maabara zimeonyesha kwamba seli shina za nyuzi za meno zinazochukuliwa kwa watu wenye umri mkubwa huongezeka polepole zaidi na hujenga mfupa kwa unyonge zaidi kuliko za vijana. Mzee anayepandikizwa seli zake mwenyewe huanza na malighafi dhaifu, na mara nyingi hana hata gego la mwisho la kutoa. Njia ya Beijing inaukwepa udhaifu huo kwa kutumia seli za wengine, ingawa inaleta maswali ya uchunguzi wa watoaji na ya uhifadhi. Yako pia mambo ya mgonjwa mwenyewe: kisukari kisichodhibitiwa, uvutaji wa sigara, tambuu yenye tumbaku na ugoro, vyote hivyo huharibu uponaji wa ufizi hata ungepandwa nini, na wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa za kundi la bisfosfoneti wanakabiliwa na hatari ya mfupa wa taya kufa baada ya upasuaji, hatari ndogo kwa wanaomeza vidonge na kubwa zaidi kwa wanaodungwa mshipani kwa sababu ya saratani. Kliniki inayokubali kumpandikiza mzee seli bila kuuliza dawa anazotumia haifai kuaminiwa hata kwa kung'oa.

Nilipoonyeshwa na jamaa yangu kijitabu cha kliniki moja ya ng'ambo iliyomwahidi "ufizi mpya kwa seli zako", nilimsaidia kuandika barua ya kuuliza seli hizo zinatoka wapi. Jibu lilikuwa la adabu na lenye picha nyingi, na kiini chake kilikuwa kwamba angetolewa damu mkononi, damu izungushwe kwenye mashine, na sehemu yenye chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, idungwe kwenye ufizi. Hiyo ni tiba inayofahamika, na aina yake iliyogandishwa kuwa utando ilianzishwa Ufaransa mwaka 2001 na Joseph Choukroun. Inasaidia jeraha kupona, inafanywa na madaktari wa kawaida, na bei yake haikaribii ile iliyoandikwa kwenye kijitabu. Kuiita tiba ya seli shina ni kuuza mchele kwa jina la pilau. Wengine huuza vimiminika vilivyotokana na seli, visivyo na seli hai ndani, kwa jina hilo hilo.

Sheria haiko upande wa wauzaji wa namna hiyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imewaonya wananchi mara nyingi kuhusu kliniki zinazouza seli shina bila kibali. Bidhaa ya kwanza ya seli shina za aina ya mesenkaima, zile zinazoweza kugeuka kuwa mfupa na tishu za kuunganisha, kupata kibali chake ilikuwa Ryoncil, mwezi Desemba 2024, na ni kwa watoto wenye tatizo zito linalofuata upandikizaji wa uboho, wala haina uhusiano na fizi. Japani, ambayo imekuwa na sheria yake ya usalama wa tiba za aina hii tangu mwaka 2014, inaruhusu kliniki kutoa huduma baada ya mpango wake kupitiwa na kamati na kuwasilishwa serikalini. Lakini kupitiwa huko kunahusu usalama na utaratibu zaidi, na hakumaanishi kwamba tiba imethibitishwa kufanya kazi. Msomaji anayeoneshwa cheti chenye mihuri ayatenganishe mambo hayo mawili.

Hukumu yangu inategemea ni nani anayeuliza. Mzee mwenye meno mawili au matatu yenye mashimo ya wima, mwenye sukari iliyodhibitiwa, asiyevuta sigara, na anayeishi karibu na hospitali ya chuo kikuu inayofanya jaribio lililosajiliwa, ambako kwa kawaida tiba ya majaribio hailipiwi, namshauri aingie bila wasiwasi mwingi: katika majaribio niliyoyapitia, seli hazikuleta madhara makubwa, na ufuatiliaji atakaoupata peke yake una thamani. Mzee huyo huyo akiombwa alipe maelfu ya dola kwa tiba ile ile, jibu langu ni hapana, kwa kuwa upasuaji wa kawaida wenye jeli au utando wa kuongoza ukuaji wa tishu unampa matokeo yanayokaribiana, na una rekodi ndefu zaidi. Yule ambaye mfupa wake umeshuka kwa usawa mdomo mzima hana cha kununua hapa kwa sasa.

Wengi wa wasomaji wa makala haya wako katika kundi hilo la mwisho, nao wana huduma bora kuliko wanavyodhani. Mwongozo wa shirikisho la Ulaya la madaktari wa fizi wa mwaka 2020 unapanga tiba kwa hatua: kwanza mgonjwa afundishwe kupiga mswaki na kusafisha katikati ya meno, na vihatarishi kama tumbaku na sukari vishughulikiwe, kisha mizizi isafishwe chini ya ufizi, kisha upasuaji kwa mifuko iliyobaki na milimita 6 au zaidi, halafu ufuatiliaji wa maisha yote, kila baada ya miezi 3 hadi 12 kulingana na hali. Hatua ya mwisho ndiyo inayopuuzwa kwetu, kwa sababu mgonjwa akiacha kutoka damu huona amepona. Kwa mwenye kisukari faida inavuka mdomo: uchambuzi wa majaribio mengi umeonyesha kwamba kutibu fizi hushusha kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa takriban nukta 0.4 za asilimia, nafuu ambayo daktari wa kisukari hawezi kuidharau. Ratiba ya hatua hizo hupatikana katika hospitali za kufundishia madaktari wa meno, Muhimbili na Chuo Kikuu cha Nairobi zikiwamo, ambako wanafunzi husafisha chini ya usimamizi wa bingwa.

Anayeamua kwenda ng'ambo licha ya hayo yote adai mambo manne kwa maandishi kabla ya kutuma fedha: seli zinatoka kwenye tishu gani na ya nani, zinakuzwa wapi na kwa kibali cha nani, vipimo vya kila jino lake kwa milimita kabla ya tiba, na ahadi ya vipimo vile vile pamoja na eksirei baada ya mwaka mmoja, vikichukuliwa na daktari asiyeajiriwa na kliniki hiyo.